Kozi ya ulinzi wa karibu, njia ya Kipushi: pesa yangu imefanya kazi

Kama una timu inayosindikiza wakubwa kati ya Lubumbashi na Likasi au Kolwezi, na mwaka huu una pesa ya kozi moja tu, ipeleke kwenye hii ya siku tatu inayofanyika ndani ya shamba lenye ukuta, njia ya Kipushi. Mimi naongoza walinzi wa mnunuzi wa madini. Nilikaa na vijana wangu tangu mwanzo hadi mwisho, na dola 180 kwa kila mtu silalamikii.

Usiende ukitafuta kulenga shabaha, maana haipigwi hata risasi moja. Kwetu Kongo makampuni ya ulinzi hayabebi silaha za moto. Bunduki ni ya polisi tunayepangiwa. Kwa hiyo mkufunzi alidai polisi nao waje, na wote walishika bastola za plastiki za buluu. Hilo peke yake lilinifurahisha sana. Mara nyingi mlinzi na polisi wanajuana siku ya safari, mlangoni mwa gari.

Somo lenyewe ni mwili wakati woga umeingia. Moyo unakwenda mbio, vidole vinakuwa vizito, macho yanabana mbele tu, na masikio yanaweza kukosa hata sauti ya mwenzako aliye begani. Kazi ndogo ya vidole, kama kufungua kifungo cha mkoba wa bastola chini ya koti, ndiyo inayoharibika upesi. Maelezo hayo utayapata popote. Hawa wanakuonyesha.

Mkufunzi alipaka chaki nyekundu kwenye vifyatulio. Mlinzi anamtoa mkubwa mlangoni kumpeleka garini, na hajui lini jambo litatokea. Ghafla mtu anapiga bati kwa nyundo nyuma ya ukuta, mwingine anakuja akipiga kelele. Mkono wa kulia unachomoa bastola, wa kushoto unakamata kola ya mkubwa kumwingiza garini. Baadaye mkufunzi akauliza: nani amegusa kifyatulio? Wote wakakataa, tena kwa dhati. Akawaambia wafungue mikono. Kijana wangu mmoja, mtulivu kuliko wote, alikuwa na wekundu hadi pingili ya pili ya kidole. Alikaa akikitazama muda mrefu bila kusema neno.

Sababu ni kwamba mkono mmoja ukikaza kwa nguvu, mwingine nao unaweza kujikaza bila kuamriwa. Kushtuka au kujikwaa kunaweza kuleta hivyo hivyo. Ndiyo maana kidole kinatakiwa kilale kimenyooka ubavuni mwa bastola mpaka umekwisha kuamua kupiga. Walirudia zoezi hilo hadi jioni, na chaki ikaanza kubaki ilipopakwa.

Siku ya pili tulitazama picha za Washington, tarehe 30 Machi 1981, Reagan, rais wa Marekani, alipopigwa risasi nje ya hoteli. Risasi 6, sekunde hazifiki 2. Mlinzi wake Jerry Parr alimsukuma rais ndani ya gari, mlinzi mwingine, Tim McCarthy, akatanua mwili wake akapigwa yeye tumboni. Walinzi walichomoa silaha, lakini hakuna aliyefyatua, na rais alipona. Polisi mmoja alibisha vikali kwamba bunduki ndiyo ya kwanza. Mabishano yaliendelea mpaka kwenye bukari (ugali) na samaki wa thomson wa mchana, na pale ndipo niliposikia watu wakifikiri kweli juu ya kazi yao.

Yasiyonipendeza yapo. Asubuhi wanawakimbiza watu kuzunguka shamba ili moyo uende mbio, lakini mbio zinachosha tu, hazitishi. Saa hizo zingeongezwa kwenye mazoezi ya bati. Karatasi zote ni za Kifaransa, na vijana wangu wawili walikuwa wakisomewa na wenzao. Juu ya kuzuia damu hakuna kitu, ilhali gari likishambuliwa njia ya Likasi hospitali iko mbali. Nimemwambia mkufunzi hayo yote uso kwa uso, akayaandika.

Madereva hawamo kwenye bei, unawalipia kama mlinzi mwingine. Walipie. Wa kwetu nilimpeleka, na siku ya tatu ndiye aliyekuwa akiondosha gari kabla mlango haujafungwa vizuri. Sasa anasubiri kofi moja juu ya paa ndipo aende.