Wavu wa mtego wenye pete kwa mikunga wa maji baridi: mzuri, ila unauzwa haujakamilika

Kwa mvuvi wa mikunga wa mtoni au ziwani anayetaka kila kiumbe asichokihitaji kirudi majini kikiwa hai, hakuna zana dukani inayoushinda wavu wa mtego wenye pete. Ndoana humezwa hadi tumboni, na mkunga mdogo ukimchomoa hafiki mbali. Mgono ni salama zaidi lakini hushika wachache. Nyavu za kunasa tusiziseme kabisa: mkunga hujizungusha humo mpaka ngozi ikachubuka, na wewe ukabaki na kazi ya kukata nyuzi. Kasoro ya wavu wa pete ni kwamba seti nyingi humfikia mnunuzi bila kizuizi cha fisi maji mdomoni na bila bomba la kutorokea mkiani. Bila vitu hivyo viwili hatuupendekezi, hata kama uzi wake ni imara kiasi gani.

Seti ya kawaida ni pacha. Ni mitego miwili iliyotazamana midomo, na katikati imeunganishwa na ukuta wa wavu wa mita 6 hadi 8, kimo chake sentimita 50 au 60. Mkunga hutembea usiku akiambaa chini. Akigonga ukuta huufuata kwa ubavu, na upande wowote atakaoshika unaishia mdomoni mwa mtego. Pete ya kwanza ni bapa upande wa chini ili isibiringike, kisha pete hupungua ukubwa kuelekea mkiani, na ndani yake kuna makoo, yaani mafuneli ya wavu, mawili au matatu yanayobana zaidi kadiri yanavyoingia. Chambo si lazima. Ukiweka utaongeza mikunga, ila utawaita pia kaa na samaki usiowataka.

Kabla ya kulipa, uliza macho ya wavu yamepimwaje. Kuna wauzaji wanaopima upande mmoja wa jicho, fundo hadi fundo, na kuna wanaolivuta jicho likafunga kisha wakapima urefu wote. Milimita 10 za yule wa kwanza ni milimita 20 za huyu wa pili, na karatasi ya bidhaa mara nyingi haisemi ni kipimo kipi. Dawa yake ni rahisi: vuta macho kumi kwa mstari hadi yafunge, pima, gawanya kwa 20, ndipo utapata upande wa jicho moja. Kwa kipimo hicho cha upande, ukuta wa milimita 18 unatosha, na mkia uwe wa milimita 10 hadi 12.

Hapo wengi hutushangaa. Kama nia ni kuwanusuru wadogo, mbona mkia wa macho madogo? Ni kwa sababu mkunga hutoroka kinyumenyume. Huchomeka mkia kwenye jicho la wavu, akasukuma, na likiwa pana kidogo tu hukwama katikati ya mwili. Asubuhi utamkuta amechubuka pande zote, ute wote umekwisha, na hata ukimwachia ukungu utamshika jeraha. Wadogo wapewe mlango wao uliolainishwa. Macho ya wavu si mlango. Kwa sababu hiyohiyo chagua wavu usio na mafundo kwenye mkia. Wenye mafundo hudumu zaidi ukivutwa juu ya mawe, na kwa ukuta unafaa.

Mlango wenyewe ni kipande cha bomba gumu la plastiki. Kipenyo cha ndani cha milimita 31, ambacho wavuvi wa New Zealand wanakifahamu vizuri, huwapitisha mikunga wa hadi karibu gramu 300. Kata vipande viwili vya sentimita 5, piga msasa kingo zote mbili mpaka kidole kisisikie mkwaruzo, toboa vitundu kuzunguka ukingo wa ndani, kisha vishone ubavuni mwa mkia, kimoja kila upande. Vikae katikati ya kimo. Vikiwa chini kabisa vitazibwa na tope, na vikiwa juu mkunga mdogo, ambaye hupapasa chini na pembeni, hatavikuta upesi. Tundu unalokata kwenye wavu liwe dogo kuliko bomba, kisha livutwe lilingane nalo. Ukikata kubwa, mshono utaachia na hutakuwa na mtego tena. Kila ukiinua wavu, chungulia bomba. Jani moja au konokono mmoja anatosha kuliziba.

Kizuizi cha fisi maji ni fremu ya waya mgumu au plastiki inayofungwa kwenye koo la kwanza, matundu yake yakiwa chini ya sentimita 10. England imekifanya sharti kwa nyavu za aina hii, na kwa haki, maana fisi maji humfuata samaki ndani kisha asijue njia ya kutokea, na akikosa hewa dakika chache huzama. Mkunga mnene bado anapita. Ila fremu ya kamba laini haisaidii kitu: fisi maji huisukuma kwa kichwa ikapanuka. Kobe wadogo wa majini kizuizi hakiwazuii. Kwenye maji yenye kobe, tega pafupi na uingize boya ndani ya mkia ili ncha yake ibaki juu ya maji, waweze kupumua hadi utakapokuja. Kama kina hakikuruhusu kufanya hivyo, usitege hapo.

Sehemu ambayo viwanda huikosea zaidi ni koo. Ining'inize seti kwenye boriti, pete zikiwa zimekaa kama zitakavyokaa majini, kisha uchungulie mdomoni. Koo linatakiwa liwe kama mfuko uliobanwa, likifunguka ukisukuma ngumi na kurudi ukiitoa. Linashikwa na nyuzi zinazofungwa kwenye pete ya nyuma, na nyuzi hizo ndizo zinazolegea. Zikilegea upande mmoja, mkondo hulikunja koo na mkunga hukuta ukuta badala ya mlango. Zikikazwa mno, koo hubaki wazi kama bomba, na aliyeingia saa tatu usiku hutoka saa nane. Zifungue, zipime ziwe urefu mmoja, uzifunge upya. Ni kazi ya robo saa, na hubadilisha mapato kuliko kununua seti ya pili.

Kutega kwenyewe hakuna siri nyingi. Ukuta unyooke, ukilegea, chini hutokea upenyo. Kama kamba ya risasi, ile yenye uzito inayoshikilia ukuta chini, ni nyepesi na sakafu ina mawe, ongeza uzito kila mita moja. Kwenye mto wenye mkondo, fuata ukingo, usikinge mto mzima: mtego uliokinga hujaa takataka, na pia huziba njia ya samaki wengine wote. Mikunga hutembea zaidi usiku wa giza na maji yakiwa na uvuguvugu. Yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi hutulia, na wavu utakuwa unakusanya majani tu.

Inua kila baada ya saa 24, na maji yakiwa ya moto na yametulia usizidishe 12. Kinachoua ndani ya mtego mara nyingi ni kukosa hewa: samaki wengine hufa kwanza, huoza, hula oksijeni iliyobaki, na mikunga huwafuata. Funga ncha ya mkia kwa uzi wa katani usiotiwa dawa, uubadilishe mara kwa mara. Wavu ukipotea, katani huoza, mkia hufunguka, na mtego hauendelei kuua peke yake. Kwa seti iliyokaa sawa hili ni jambo dogo. Kwa iliyosombwa na mafuriko ndilo kubwa kuliko yote.

Ukishawatoa, kuna kundi ambalo bomba halilisaidii: wakubwa walio njiani kwenda baharini kuzaa. Mkunga huzaa mara moja tu maishani kisha hufa, kwa hiyo ukimchukua huyo unachukua uzao wote aliosubiri miaka mingi kuutoa. Utamtambua kwa mgongo uliokoza weusi, tumbo jeupe la fedha, mapezi ya kifuani marefu na meusi, na macho yaliyotuna. Kwa mkunga wa Ulaya kuna hesabu inayotumika: jumlisha kipenyo cha jicho cha ulalo na cha wima kwa milimita, gawanya kwa 4, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14, gawanya kwa urefu wa mkunga kwa milimita, zidisha kwa 100. Jibu likiwa 6.5 au zaidi, huyo ni msafiri. Mwenye jicho la 9.0 kwa 8.6 na urefu wa 700 anapata karibu 8.7. Mwachie.

Isitoshe, kuna maji ambayo hata wavu uliorekebishwa vyote hauhalalishi uvuvi. Idadi ya vifaranga wa mkunga wa Ulaya wanaofika pwani imeporomoka kiasi kwamba tangu 2021 ushauri wa ICES, baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, ni kutovua kabisa, katika hatua zote za maisha yake. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2007 ililenga asilimia 40 ya wakubwa wafike baharini, ikilinganishwa na hali isiyoguswa na binadamu; mabwawa na mitambo ya umeme nayo yamo kwenye hesabu hiyo. Muuzaji anayebandika neno “endelevu” kwenye wavu bila kuuliza unatega wapi anauza kibandiko.

Kwa mwenye shamba la mikunga, usinunue wavu huu ili kukusanya mbegu, yaani wadogo wa kufuga. Mashamba ya mikunga bado yanategemea vifaranga waliovuliwa pwani, kwani ingawa watafiti wa Japani walifunga mzunguko mzima wa uzazi mwaka 2010, vifaranga wa maabara hawajawa bidhaa ya kawaida. Ukidhani utakwepa gharama hiyo kwa kuwafuga mikunga wa mtegoni, utapata wanaogomea chakula cha punje, wenye ukubwa usiolingana hadi kufikia kulana, na pengine wenye minyoo ya kibofu cha hewa, Anguillicola, watakayoigawa bwawani. Matumizi yake mazuri shambani ni kuvuna kidogokidogo: tega jioni, asubuhi wakubwa wamebaki mkiani na wadogo wamejitoa kwa bomba, bwawa halikukaushwa.

Ukihama maji, ama uloweke wavu kwenye maji ya nyuzi 45 kwa dakika 15, ama uuanike mpaka ukauke kabisa pamoja na ndani ya mafundo. Kisha uutoe juani na kuuning'iniza mbali na panya. Harufu ya ute hubaki kwenye uzi, na watatafuna mkia kwanza.