Nafasi Art Space, Mikocheni: Kituo cha Kutembelewa Kazi Zikiwa Hazijaisha

Mtu aliyezoea kununua picha Mwenge, au kwa wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores, hawezi kukutana na Nafasi Art Space kwa bahati tu. Kituo hiki kipo Mikocheni B, Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Eyasi, ndani ya eneo la viwanda vidogo ambako macho ya mpita njia huangukia kuta ndefu, malori na mageti ya maghala, na dereva wa bajaji aliyenichukua Mwenge aliniuliza mara mbili kama kweli nilikuwa nakwenda kutazama picha. Nimekwenda mara tatu katika muda wa wiki nne: mara moja jioni, siku ya ufunguzi wa maonesho, na mara mbili asubuhi za siku za kazi. Tathmini hii imejengwa zaidi juu ya asubuhi hizo mbili.

Kituo kilianzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya sanaa ya kisasa, na karakana zake nyingi ni makontena ya meli yaliyotobolewa milango na madirisha, yakapakwa rangi na kupangwa kuzunguka uwanja wenye jukwaa la muziki na ngoma. Upande mmoja kuna ukumbi wa maonesho. Wasanii wanaokodi karakana hizo hufanya kazi mlango ukiwa wazi, kwa hiyo mgeni anayepita husikia msasa ukikwaruza mbao, hunusa rangi ya mafuta, na asipoangalia chini hujikwaa kwenye vyuma chakavu ambavyo fundi wa sanamu anasubiri kuviunga.

Jina limechaguliwa kwa akili. Nafasi ni mahali, ni fursa, na ni wasaa pia. Mtu akisema hana nafasi, mara nyingi anachokosa ni muda. Mahali hapo kila mtu anapaona, na fursa hutajwa katika kila hotuba ya ufunguzi. Maana ya tatu haitajwi sana, nami nadhani ndiyo inayofaa kuwa kipimo cha kituo cha namna hii, hasa katika programu yake ya wasanii wakaazi, ambayo wenyewe huiita residensi.

Utaratibu wa residensi kwa jumla si mgumu kuueleza. Msanii huomba, akichaguliwa hupewa karakana kwa kipindi maalumu, pengine pamoja na posho na vifaa, na mwishoni hutarajiwa kuonesha alichokifanya au kuzungumza na watu kuhusu kazi yake. Nafasi hupokea wasanii wa nchini na wa kutoka nje kwa utaratibu wa aina hiyo. Kinachowapa wengi wetu shida kukielewa ni kwa nini msanii apewe muda wa kukaa bila kudaiwa bidhaa kila wiki. Mchoraji anayeishi kwa kuuzia watalii hujua kwamba twiga watatu chini ya mbuyu watanunuliwa, na simlaumu, kwani kodi ya nyumba haisubiri majaribio. Lakini hata Edward Saidi Tingatinga, alipoanza mwaka 1968 kuchora kwenye vipande vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kushindiliwa, kwa rangi za kung'arisha baiskeli, alikuwa anafanya jaribio ambalo hakuna mteja aliyekuwa ameliagiza. Alifariki mwaka 1972, na zaidi ya nusu karne baadaye bado tunakula matunda ya miaka yake ile michache.

Asubuhi ya kwanza nilikuta katika karakana moja dada aliyetoka mkoani, akiwa mgeni wa miezi michache, ameinama juu ya ubao wa plaiwudi wenye upana wa meza ndogo ya kahawa. Nilimsalimu, akaniitikia "karibu, kaka" bila kuinua kichwa, na kwa muda wa kama nusu saa nilimtazama akichonga kwa patasi yenye ncha ya mviringo, akitoa vinyuzi vya mbao vyembamba kama nywele. Mchoro wake ulikuwa wa kuchapwa: ubao hupakwa wino kwa rola, karatasi hulazwa juu yake, kisha mgongo wa karatasi husuguliwa taratibu kwa kijiko cha mti hadi picha ishike. Mashine haikuwepo. Alikuwa na karatasi kumi na tano zilizoanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zote zikiwa na rangi ya manjano peke yake, na hapo ndipo alipopumzika akanieleza kilichokuwa kinaendelea.

Alitumia ubao mmoja kwa rangi zote. Kwanza alichonga kidogo tu, akachapa manjano kwenye karatasi zote kumi na tano. Kisha angeondoa sehemu za ubao zinazopaswa kubaki manjano, achape nyekundu juu yake. Kisha aondoe tena, achape samawati iliyokoza, na mwisho nyeusi. Kila rangi inapoongezeka, ubao unazidi kuliwa, na ukishaliwa hakuna njia ya kurudi nyuma kuchapa nakala nyingine. Karatasi ikikaa upande kwa milimita mbili katika duru ya tatu, imeharibika, na kazi yote ya duru mbili za mwanzo imekwenda nayo. Kati ya hizo kumi na tano alitegemea kubaki na kumi, labda tisa. Nilimuuliza ni kwa nini asichonge mbao nne, moja kwa kila rangi, akanijibu kwamba huko kwao angefanya hivyo, kwa kuwa kule huwa na haraka.

Jibu hilo liliniambia mengi kuhusu residensi. Mbinu ya ubao mmoja humlazimisha msanii kuamua mapema na kungoja sana, maana wino wa mafuta katika unyevunyevu wa pwani hauna haraka ya kukauka, na mtu anayehesabu siku za kodi hawezi kungoja hivyo. Sanaa hii ya mchoro wa kuchapwa, kwa wasiofuatilia, imetuletea heshima: Tanzania iliposhiriki kwa mara ya kwanza Biennale ya Venice, maonesho makubwa ya kimataifa ya sanaa nchini Italia, mwaka 2024, mmoja wa wasanii wake alikuwa Lutengano Mwakisopile, anayejulikana kwa jina la Lute, ambaye kazi zake huchongwa kwenye mbao kabla ya kuchapwa.

Ukumbi wa maonesho wenyewe ni mzuri, wenye kuta nyeupe na hewa ya kutosha, na sina mengi ya kuongeza. Jioni ya ufunguzi watu walikuwa wengi, muziki ulikuwa juu, na picha zilitazamwa kwa mabega, yaani mtu akigeuka kuzungumza na mwenzake ndipo anapoiona iliyo nyuma yake. Ni sherehe, na sherehe ina haki yake. Mwenye kutaka kutazama picha kwa makini arudi asubuhi. Maonesho kwa kawaida hayana kiingilio, ingawa matamasha ya muziki yanaweza kuwa nacho.

Kuhusu kununua, naomba nianzie mbali kidogo. Miaka sita iliyopita nilinunua picha ya mafuta katika duka moja la mjini ambalo sina haja ya kulitaja. Kabla ya mvua za pili kuisha rangi ilianza kubanduka kama ganda la kiazi, na nilipoirudisha niliambiwa kwamba nimeitundika pasipofaa. Mchoraji mmoja wa Nafasi nilipomsimulia alicheka, akanionesha kitambaa cha marekani alichokuwa amekivuta kwenye fremu, akakigeuza ili nione upande wa nyuma, ambako hakuna kilichopenya: mbele kilikuwa kimepakwa matabaka ya rangi nyeupe ya kuandalia, tabaka moja likikauka ndipo jingine lipakwe, na akipita kidole juu yake kilitoa mlio kama ngoma iliyowambwa vizuri. Picha yangu, kwa maelezo yake, huenda ilichorwa juu ya kitambaa kisichoandaliwa kabisa, kikanyonya mafuta na kuiacha rangi kavu juu yake. Duka haliwezi kukupa somo hili, kwa sababu dukani picha imeshatundikwa na mgongo wake uko ukutani. Tangu siku hiyo sinunui picha bila kuigeuza.

Anayenunua mchoro wa kuchapwa naye aangalie penseli iliyo chini ya picha. Maandishi 4/10 maana yake ni nakala ya nne kati ya kumi, na kila moja ni kazi halisi iliyochapwa kwa mkono, si fotokopi. Kwa kuwa nakala ni kadhaa, bei yake huwa nafuu kuliko ya picha moja ya mafuta, na kwa mtu anayeanza kukusanya sanaa kwa mshahara wa kawaida, huu ndio mlango ninaoupendekeza. Afahamu vilevile kwamba nyumba nyingi za sanaa duniani hukata kati ya asilimia 30 na 50 ya bei, kwa hiyo si vibaya kuuliza kwa adabu msanii anabaki na kiasi gani.

Swali linalonisumbua kuhusu vituo vya aina hii, na silielekezi kwa Nafasi peke yake, ni la nani analipia wasaa. Sehemu kubwa ya fedha za programu kama hizi katika Afrika Mashariki hutoka kwa wafadhili wa nje, zikiwemo balozi za Ulaya, na mfadhili hubadili vipaumbele bila kumuuliza mchongaji. Dar es Salaam imewahi kuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanza miaka ya 1970 na kupata jengo lake katikati ya jiji. Jengo hilo limekwishabomolewa, na waliofundishwa ndani yake wametawanyika. Kontena angalau hubebeka. Kampala, kituo cha 32° East kilichoanza mwaka 2011 nacho kiliwahi kutumia makontena, lakini sasa kina jengo lake Kabalagala, ambalo sehemu ya matofali yake yalifyatuliwa kwa udongo uliochimbwa kiwanjani hapo hapo. Ningependa kuona wafanyabiashara wetu, wanaotundika picha za mtandaoni kwenye kumbi zao za mikutano, wakilipia walau karakana moja kwa mwaka mmoja.

Mambo madogo kwa anayetaka kwenda: fika kabla ya saa sita mchana, kwani chuma hushika joto na wasanii wengi huhamia vivulini baada ya hapo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha kazi ambayo haijaisha, ukiwa na watoto waache waulize maswali, hakuna atakayewafukuza. Kituo kina pia Nafasi Academy kwa vijana wanaotaka kusomea sanaa, jambo linalostahili makala yake.

Nilikuwa nimemwekea yule dada oda ya nakala moja, akanitaka nirudi baada ya wiki tatu. Niliporudi nilikuta zimebaki tisa, kama alivyotabiri, na zile sita zilizoharibika alikuwa amezikata vipande na kuvitumia kujaribia rangi za kazi inayofuata. Yangu ni ya saba kati ya tisa. Ubao wenyewe alikuwa ameuegemeza mlangoni, umebaki mistari michache tu iliyosimama, ile ya nyeusi, na kila kitu kingine kimeondoka kwa patasi. Nilimuuliza kama nao unauzwa. Alisema bado anafikiria.