Uzoefu wangu na Best Books for Kids & Teens: kumchagulia mtoto kitabu cha Kanada kinachomfaa

Nikitaka kujua vitabu vipya vya watoto kutoka Kanada, mwongozo huu ndio ninaoufungua kwanza. Unatolewa na Canadian Children's Book Centre, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1976, mara mbili kwa mwaka: majira ya machipuko na majira ya mapukutiko. Walimu, wakutubi na wauza vitabu hukaa kwenye kamati, wakasoma na kuchuja. Vinavyopita vingine kwa ubora hutiwa nyota.

Kila kitabu kina maelezo ya aya moja, na mwishoni vifupisho viwili ambavyo kwangu ndivyo moyo wa mwongozo. IL ni umri wa mtoto atakayevutiwa na habari zenyewe. RL ni darasa la msomaji anayeweza kukisoma bila msaada. Wazazi wengi hutazama kimoja tu. Chukua mtoto wa miaka 12 aliyewasili kutoka Goma au Bujumbura, ambaye Kiingereza chake bado ni cha darasa la tatu. Ukimletea kitabu chenye IL ya miaka 7 hadi 9, maneno atayaweza, lakini atajiona anafanywa mtoto mdogo na hatakimaliza. Mtafutie IL ya miaka 10 hadi 14 na RL ya darasa la 2 hadi la 4. Vipo, tena vizuri! Orca Book Publishers wa Victoria, British Columbia, wana mfululizo wa Orca Currents kwa shule ya kati na Orca Soundings kwa vijana wakubwa: sentensi nyepesi, sura fupi, mambo ya rika lao.

Kwenye vitabu vya picha mambo hugeuka. Ukikuta IL ya miaka 4 hadi 7 na RL ya darasa la 3, usidhani wamekosea kuchapa. Kitabu cha namna hiyo kimeandikwa ili mtu mzima amsomee mtoto kwa sauti.

Ukishachagua, nenda kwenye katalogi ya maktaba. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, ina tarakimu 13, na ya jalada gumu si ile ya jalada laini. Ukitafuta kwa namba peke yake unaweza kuambiwa hakipo, kumbe kipo kwa jalada jingine. Tafuta pia kwa jina la kitabu na la mwandishi. Kisipopatikana kabisa, muulize mkutubi jinsi ya kupendekeza kinunuliwe. Maktaba nyingi hupokea maombi hayo.

Kwa walio jimbo la Ontario, tumia mwongozo huu pamoja na Forest of Reading, mpango wa Ontario Library Association ambapo watoto husoma vitabu vilivyoteuliwa na kupigia kura wanachokipenda. Una vitengo kwa umri: Blue Spruce kwa wadogo, Silver Birch wanaofuata, Red Maple kwa darasa la 7 na la 8. Orodha hutangazwa Oktoba na watoto hupiga kura Aprili. Weka oda maktaba wiki ileile orodha inapotoka, maana foleni hurefuka haraka na kitabu kinaweza kukufikia kura zimeshapita.

Mwongozo huu umeelemea vitabu vya Kiingereza. Familia za Kongo na Burundi ambazo watoto wao wanasoma shule za Kifaransa zitapata zaidi kwa Communication-Jeunesse, shirika la Québec linalokuza vitabu vya watoto vya Kifaransa, au kwenye vitengo vya Kifaransa vya Forest of Reading, yaani Peuplier, Mélèze na Tamarac.