Uzoefu wangu katika nyumba ya kale ya Kiswahili, Lamu

Nimeingia katika nyumba hii mara mbili, na ile ya kwanza siihesabu. Nilikuwa nimefuatana na kundi lililokuwa likiwahi mashua, tukapitishwa vyumbani kwa dakika 10, nikatoka bila kuambulia lolote ila kuta nyeupe na vitanda virefu. Kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu, nikalipa kiingilio upya, nikamwomba mzee aliyekuwa zamu anieleze polepole, naye akanieleza kwa subira ninayomshukuru hadi leo.

Ni nyumba ya karne ya 18, ambayo sasa ni makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Imo vichochoroni katika Mji wa Kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ukivuka daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, unapita kwenye tekani, ukumbi mdogo wa kupindia uliowekwa makusudi ili aliyesimama mlangoni asiwaone waliomo. Kisha unatokea kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi juu, na kutoka hapo vyumba vinafuatana: msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa chini, msana wa yuu, yaani wa juu, halafu chumba kinachoitwa ndani, na sakafu ya kila kimoja imeinuka kidogo kuliko ya kile kilichotangulia, hata mgeni huhisi miguuni mwake kwamba anakaribia faragha ya wenyewe.

Kilichonigusa zaidi ni boriti. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki hata mita 3, kwa sababu dari ya mawe ya matumbawe na chokaa ni nzito mno, na boriti za mikoko haziwezi kuibeba zikiwa ndefu zaidi ya hapo. Upana wa chumba ulikuwa umekwisha kuamuliwa na mkoko kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza. Nimeishi miaka mingi katika nyumba za saruji bila kuwahi kujiuliza ni nini kinachopanga ukubwa wa chumba changu.

Halafu kuna zidaka. Huu ni ukuta wa safu za vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa, ambamo wenyeji walipanga vyombo vya kaure vilivyovuka bahari kutoka China. Mwanga hafifu wa kiwandani unapofika pale huzama vishubakani, na ukuta mnene ukaonekana kama umerudi nyuma. Kwangu hiyo ndiyo sanaa bora kuliko zote nilizoziona Lamu, na nilikaa mbele yake karibu nusu saa. Wenye watoto wasikose kuwaonyesha birika la maji la chooni, ambamo kwa desturi walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821 na kutumika kama gereza hadi 1984, ni kubwa zaidi na ina mengi ya kutazama. Lakini mwenye saa moja tu mjini ningemwelekeza huku. Aende asubuhi, kabla ya makundi, na aombe atajiwe kila sehemu kwa Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu, kwa maana mwenyeji anapotamka “tini” na “yuu” akiwa amesimama palepale panapoitwa hivyo, mpango wa nyumba hueleweka bila mchoro.