Stika za rangi adimu Mwanza: bei ya kuamini na bei ya kukimbia

Ukitaka herufi nyekundu, nyeupe, nyeusi, bluu au njano, Mwanza hukosi fundi wala hukosi bei ya kueleweka. Roli za rangi hizo zinauzika upesi, hazilali dukani. Mambo hubadilika unapoulizia dhahabu ya kioo (inayong'aa kama kioo cha kujitazamia), riflekta ya kijani (inayorudisha mwanga ikimulikwa), zambarau ya luminasi (rangi kali za kuvuta macho) au frosti ya mlango wa ofisi (ya ukungu, ya kuziba kioo), tena kipande kidogo tu. Hapo karakana mbili za mtaa mmoja zinaweza kukutajia bei zilizopishana mara tatu kwa kazi ileile, na kila fundi akaapa kwamba hana faida.

Tunachokipima hapa ni huduma hiyo ya kazi ndogo za rangi adimu kama inavyotolewa na karakana za mabango za katikati ya jiji na za Kirumba. Hukumu tuitoe mapema. Fundi anayekutoza kwa urefu wa roli uliokatwa, akakuonyesha hesabu na kukukabidhi kipande kilichobaki, ndiye wa kwenda kwake, hata kama bei yake ukiisikia mara ya kwanza inakushtua. Anayetoza kwa idadi ya herufi tumpe alama ndogo kwenye rangi hizi, ingawa kwa rangi za kawaida hana tatizo lolote.

Sababu iko kwenye mashine. Plota, yaani mashine ya kukatia stika, inaishika kwa magurudumu pembezoni, hivyo roli la sentimita 61 linakupa kama sentimita 58 tu za kukata. Mbele na nyuma ya kazi panahitajika jumla ya sentimita 10 hadi 15 za kushikia na za kujaribia kisu. Halafu roli hukatwa kwa upana wote. Ni kama dukani kwa vitambaa: ukitaka cha kushonea mfuko wa shati tu, mkasi bado unapita upana mzima.

Chukua kazi ya kawaida kabisa ya ziwani: jina TUMAINI kwa riflekta ya kijani, ubavu wa kulia na wa kushoto wa boti, herufi za kimo cha sentimita 15, jina zima likiwa na urefu wa sentimita 90. Halikai kwa kukingama kwenye roli, kwa hiyo fundi analilaza kwa urefu, mistari miwili sambamba. Urefu unaotumika ni sentimita 105 ukiweka na za kushikia. Ukipima eneo la majina yenyewe unapata mita za mraba 0.27. Stika iliyotoka kwenye roli ni 0.64. Zaidi ya nusu haipo kwenye boti, lakini imeshanunuliwa.

Sasa weka fedha, kwa namba za mfano. Tuseme mita moja ya riflekta hiyo imefika karakana kwa Sh 30,000. Stika peke yake ni Sh 31,500. Karatasi ya transfa, ya kuhamishia herufi hadi zinapobandikwa, Sh 3,000, kukata na kung'oa ziada Sh 10,000. Jumla Sh 44,500, na bado fundi hajaweka faida wala nauli ya kwenda kubandika kwenye boti kule Mwaloni. Mwenye bei ya herufi atakwambia herufi 14 kwa Sh 2,000, yaani Sh 28,000, ambayo haifikii hata bei ya stika. Basi ama atakuja kukuongezea bei kazi ikiwa mezani, ama atabadilisha mali. La pili ndilo la kuogopa, kwa sababu riflekta ya mapambo na riflekta ya kazi zikiwa mchana zinafanana kama pacha.

Kipimo chake ni rahisi, na ukifanye kabla hujalipa. Weka tochi ya simu kando ya jicho, usawa wa kipaji, rudi nyuma hatua kumi, mulika. Riflekta ya kazi inarudisha mwanga mkali hata ukisogea pembeni; ya mapambo inang'aa ukiwa umesimama mbele yake tu, ukihama kidogo inakufa. Tochi lazima iwe karibu na jicho kwa sababu riflekta inarudisha mwanga kule ulikotoka. Haiwaki yenyewe. Wapo wateja wanaoiagiza wakidhani jina la boti litaonekana gizani bila kumulikwa, kisha wanamlaumu fundi. Kwa wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku ni mali nzuri sana, ilimradi wanaokuja kwao wana tochi au taa.

Rudi kwenye zile sentimita 105. Pembeni mwa mistari miwili ya jina umebaki ukanda wa takriban sentimita 27 kwa urefu wote, na umeulipia. Mteja mjanja haondoki nao hivihivi. Anampa fundi kazi nyingine ya rangi hiyohiyo ijae humo kabla kisu hakijashuka: namba ya usajili ya boti, namba ya simu, mistari ya pikipiki ya kijana wake. Gharama ya ziada ni kung'oa tu. Karakana nzuri zinakuuliza zenyewe, «una kingine cha kuingiza hapa?» Swali hilo moja linatosha kukuonyesha fundi anayejua kazi. Zile za kawaida zinakunja ukanda wako na kuutupa kwenye boksi la vipande, halafu wiki ijayo unauzwa tena kwa mtu mwingine. Sio wizi, kama mlikubaliana hivyo na ukapunguziwa. Kama hamkukubaliana, uulizie.

Wateja wengine wanashangaa kwa nini karakana haiweki roli zima la kila rangi ili bei ishuke. Hesabu yake haikubali. Chukua roli la luminasi la mita 50 kwa Sh 750,000. Kimaandishi mita ni Sh 15,000. Lakini rangi hiyo ikiombwa mita 4 kwa mwaka, na gundi ya stika iliyo rafuni ikitegemewa miaka 2 hivi, roli litauza mita 8 na zilizobaki 42 zitakuwa za kufungia mizigo. Gawa 750,000 kwa 8: mita moja imemgharimu fundi Sh 93,750. Mtu anayekuuzia kwa Sh 20,000 kutoka roli la namna hiyo anakula mtaji wake bila kujua, au roli lenyewe ni la zamani anataka liondoke.

Ndiyo maana njia tunayoipa alama kubwa ni ya kuagiza kwa mita kutoka Kariakoo, mzigo ukaja kwa basi. Mita ya reja reja inauzwa ghali kuliko mita ya roli, na kuna nauli ya kifurushi, lakini hakuna kinacholala. Kifurushi cha mita tano hakizidi sana bei ya kifurushi cha mita moja, kwa hiyo karakana inayokusanya oda za wateja watatu wanne na kuagiza kwa pamoja inaweza kukupunguzia. Uliza kama ana siku maalumu ya kuagiza. Ukisema unataka kesho asubuhi, nauli yote ni yako.

Boksi la vipande nalo lina nafasi yake. Kwa kazi isiyozidi ukubwa wa karatasi ya A4 anza hapo, na nusu ya bei ya kawaida inatosha. Ila kagua. Bandua kona: stika ikitoka na kuacha madoa ya gundi kwenye karatasi yake ya nyuma, au ukaona imeinuka vijifereji kabla haijaguswa, gundi imechoka. Kona ikiwa na vumbi, zile sentimita mbili za ukingo hazitashika.

Kuhusu mali zenyewe, riflekta ndiyo inayowashinda mafundi wengi kwenye kukata. Ni nene na ngumu. Kisu cha nyuzi 45 kinachotumika kila siku kinaburuza kona na kuacha meno. Inataka kisu cha nyuzi 60, msukumo mkubwa zaidi na mwendo wa polepole. Inakula visu, na hiyo ni sababu halali ya fundi kukuongezea kidogo. Herufi za chini ya sentimita 2.5 usizikubali: wakati wa kung'oa zinaondoka na ziada, na zinazobaki maji yanaingilia pembeni.

Dhahabu ya kioo inapendeza kwenye milango ya saluni na ofisi, na ndani ya jengo tunaipa alama nzuri. Nje hapana. Haivutiki, hivyo kwenye ubavu wa gari uliopinda inainuka baada ya muda. Kadi ya kubandikia isiyofunikwa kitambaa laini inaacha mikwaruzo ambayo haifutiki. Na kingo zake huanza kuweka weusi maji yakizoea kupita. Asikudanganye mtu kwamba atakuprintia dhahabu. Wino wa kawaida hautoi mng'ao wa metali, unatoa rangi ya haradali iliyoiva. Kuprinti kunafaa pale unapotaka rangi fulani ya kampuni isiyo na mng'ao, tuseme kijani cha pekee cha nembo: stika nyeupe, wino, na laminesheni juu yake. Kwa kipande kimoja hilo huwa nafuu kuliko kusaka roli la rangi hiyo.

Luminasi, ziwe za pinki, chungwa au zambarau, tunazishauri kwa tangazo la msimu tu. Jua linazifubaza upesi kuliko rangi nyingine, na jiji letu liko karibu na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukipewa dhamana ya miaka mitatu kwenye luminasi ya nje, anayekupa hajui anachouza. Frosti haina shida nyingi, ni ya kioo na inakaa.

Boti ya mbao iliyopakwa lami au yenye ubao usio laini isibandikwe stika ya aina yoyote, adimu au ya kawaida. Hapo fundi mwaminifu atakukatalia na kukukatia stensili kwenye stika ya bei ndogo, kisha anapaka rangi ya mafuta. Kwa luminasi ya kupaka, chini iwe nyeupe kwanza, la sivyo inatoka imefifia. Kazi hiyo inashuka bei sana kwa sababu mali adimu haipo tena. Kilichobaki ni ufundi na nusu kopo la rangi.

Kubandika ndiko tulikoona upungufu mkubwa wa huduma hii. Bei nyingi zinaishia kwenye kukata, mteja anapewa stika imeviringishwa aende nayo. Kwa nyeupe sawa. Kwa mali ambayo hakuna ya akiba mjini, lipa fundi akubandikie, na mkubaliane kwamba akiharibu yeye ndiye anayerudia. Asibandike saa saba mchana bati likiwa limechemka, maana gundi inashika papo hapo na huwezi kurekebisha. Asubuhi ni bora. Afute mafuta kwa spiriti, asitumie petroli. Maji ya sabuni anayonyunyizia stika za kawaida ili ziteleze asiyatumie kwenye riflekta wala dhahabu ya kioo. Hizo hubandikwa kavu. Boti isirudi majini kabla ya saa 24.

Unapoagiza, taja vipimo kwa sentimita na utume nembo ikiwa faili la mistari (vekta) ambalo plota inaweza kulifuata, siyo picha iliyopigwa kwenye fulana. Kuchora upya kunalipiwa, na ni haki. Agiza vyote kwa wakati mmoja: roli la kundi jingine linaweza kupishana rangi kidogo, na kwenye dhahabu tofauti hiyo inaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Ongeza robo ya mita ya akiba kama jina ni refu.

Kipande chako kilichobaki kiviringishe uso wa rangi ukiwa nje, kwenye bomba nene kama la zulia, ukisimamishe mahali pasipo joto. Ukikikunja kwa nne ukakiweka juu ya kabati chini ya bati, mwaka hautaisha kabla hakijawa karatasi tu. Andika nyuma yake tarehe na duka kilikotoka, ili ukihitaji kuongezea fundi ajue pa kutafuta.