Maiki ya Kurekodia Gitaa Nyumbani: Ununue Ipi Ili Sauti Iingie na Nguvu

Gitaa likisikika hafifu kwenye rekodi, wengi hukimbilia kuikuza sauti ndani ya programu. Itakua kweli, ila mvumo wa vifaa na honi za matatu zitakua nayo kwa kiwango kilekile. Nguvu hutafutwa mapema, kwenye maiki yenyewe na kwenye priampu (kikuza sauti cha kwanza baada ya maiki), kabla sauti haijaingia kompyuta. Kipimo chetu hapa ni hicho, na tumemlenga anayerekodi gitaa kavu (lisilo la umeme) chumbani, iwe Umoja au Kasarani jijini Nairobi. Bei hatuziandiki kwa sababu hazitulii. Uliza maduka matatu ya barabara ya Luthuli kabla ya kutoa pesa.

1. Kondensa ya XLR na intafesi yenye volti 48

Kondensa ni maiki inayohitaji umeme ili ifanye kazi, XLR ni plagi yake ya pini tatu, na intafesi ni kisanduku chenye priampu kinachoiunganisha na kompyuta na kuipa umeme huo. Hii ndiyo ya kwanza, na iliyo ya pili iko mbali nyuma. Chukua Audio-Technica AT2020: kwa sauti yenye shinikizo la paskali 1 hutoa milivolti 14 hivi. Shure SM57, maiki ya dainamiki (isiyohitaji umeme) inayopendwa na kila bendi, hutoa milivolti 1.6 kwa sauti hiyohiyo. Ni karibu mara tisa, yaani desibeli 19 ambazo priampu haitalazimika kuzihangaikia.

Ndiyo maana kondensa hairingi kuhusu intafesi. Behringer UM2, iliyo miongoni mwa za bei ya chini, inaitosha. Focusrite Scarlett Solo ina mvumo mdogo zaidi. Pesa zikipungua, punguza kwenye intafesi, maiki iache.

Wanaorudisha AT2020 dukani wakidai ni mbovu mara nyingi wamekosea jambo moja kati ya mawili. Ama hawakubonyeza kitufe cha 48V (shusha geini, yaani kiwango cha ukuzaji, hadi chini kwanza, kisha bonyeza), ama wameielekeza kichwa kwenye gitaa kama maiki ya kuimbia. Hii husikia kwa ubavu, upande wenye nembo.

Ubaya wake ni kwamba inasikia kila kitu: bodaboda, pampu ya maji ya ploti, mtoto wa jirani. Rekodi usiku, na tundika blanketi nzito nyuma ya kiti chako.

2. Maiki ya USB

AT2020USB+ au Blue Yeti. Ndani yake kuna kondensa, priampu na kigeuzi cha kidijitali, kwa hiyo waya ni mmoja tu. Kwenye Yeti chagua alama ya umbo la moyo; ukiiacha kwenye duara itasikiliza chumba kizima. Ichomeke kwenye kompyuta moja kwa moja, si kwenye kigawanyio cha USB. Tumeishusha hadi ya pili kwa sababu haikui pamoja nawe: siku utakayotaka maiki moja ya gitaa na nyingine ya sauti kwa wakati mmoja, utaanza kununua upya.

3. SM57 na intafesi

Kama unapiga benga kwa gitaa la umeme na ampu, ipandishe hadi nambari moja. Iweke sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya katikati ya koni, na hutalalamikia nguvu. Lakini omutibo (mtindo wa gitaa kavu wa magharibi mwa Kenya) ya vidole, taratibu, kwa sentimita 20? Geini itafika mwisho na mvumo utasikika. Hapo husaidia kikuza sauti kidogo kinachowekwa kati ya maiki na intafesi: FetHead huongeza hadi desibeli 27 na Cloudlifter CL-1 hadi 25. Zote mbili hula volti 48 kutoka kwa intafesi na haziipitishi mbele, kwa hiyo usizitumie na kondensa.

SM7B ni dhaifu zaidi ya SM57. Shure wenyewe husema inataka geini ya desibeli 60 au zaidi. Waachie watangazaji.

SM57 bandia ni nyingi. Halisi ina gramu 284. Omba mizani.

4. BM-800 au maiki ya karaoke moja kwa moja kwenye laptopu

Usinunue kwa kazi hii. Tundu la laptopu hutoa volti chache tu, kondensa inataka 48, hivyo BM-800 hunong'ona. Kuna mtego mwingine: baadhi ya nyaya za XLR kwenda jeki ndogo ya stereo hupeleka sauti kushoto na kinyume chake kulia. Ukiziunganisha kuwa mono (chaneli moja), zinafutana na gitaa linatoweka. Kama tayari unayo BM-800, nunua intafesi na waya wa XLR kwa XLR. Itafanya kazi ya kuridhisha.

Maiki ya karaoke yenye jeki kubwa nayo hudanganya hata ukiwa na intafesi, kwa kuwa kwenye nyingi tundu la jeki ni la laini (sauti iliyokwisha kukuzwa) au la gitaa la umeme, halikuzi kama la XLR. Badilisha waya kwanza kama maiki inaruhusu.

Dukani

Nenda na laptopu, hedifoni na gitaa. Mwambie muuzaji, "Boss, tuifungue niijaribu hapa hapa." Elekeza maiki kwenye freti ya 12, sentimita 20 hivi, kwa kuwa mbele ya tundu la gitaa besi hufunika kila kitu. Ukizidisha umbali mara mbili unapoteza kama desibeli 6, kwa hiyo sogea kabla ya kugusa geini. Piga kwa nguvu utakayoitumia kweli, kisha weka geini ili vilele vya sauti vifike kati ya desibeli −12 na −6 kwenye mita ya programu. Taa nyekundu ikiwaka, shusha: sauti iliyokatika vilele hairekebishiki. Ukisikia mvumo mzito, chomoa chaja ya laptopu usikilize tena kwa betri. Mvumo ukipotea, maiki haina kosa.