Karte grafike gani ya kununua kwa seva ya biro, kama watu wanachora toka mbali

Kama mu biro yenu muko watano sita wa kuchora plani na wa topo, na kila mtu anataka kufungua AutoCAD yake toka nyumbani Kamalondo ao toka shantie kule Likasi, sikia hii mbele ya kutoa dola: usiangalie giga tu. Uliza karte inapozwa na nini, inakula wati ngapi, na kama itakuomba lisansi. Zile za seva zenye kuuzwa okazyoni zinaonekana bei rahisi, kumbe hesabu ingine inakungoja mbele.

Namba 1 kwangu ni RTX A2000 ya NVIDIA, ya giga 12 ukipata, ya 6 kama mfuko haufiki. Wati 70 tu, zote zinatoka kwenye sloti, hakuna kamba ya kuongeza, na iko na ventilateri yake. Unaiweka kwenye Windows Server, watu wanaingia na remote desktop, sesheni zote zinatumia karte moja, na NVIDIA haikudai kitu juu yake (za Microsoft, zile CAL, lisansi za kuingia kwenye seva, utalipa tu). Ubaya wake, mmoja akianza kurenda 3D wengine wote wanasikia, juu hakuna ukuta kati yao. Hata wa Linux, wenye kutumia TurboVNC na VirtualGL (programu za kuchora toka mbali), ningewaambia hii hii.

Ukitaka ukuta, namba 2, T4. Giga 16, wati 70 vilevile, unaikata vipande, mfano mashine virtual (kompyuta za programu ndani ya seva) nne za giga 4 kila moja. Lakini kukata kunaomba lisansi ya vGPU (ile ya NVIDIA ya kugawa karte), na hata ukiipa mashine moja karte nzima, kwenye Windows dereva ya kawaida inabaki modi ya hesabu tu, kuchora hapana. Hapo ndipo watu wanalia.

Namba 3 Tesla P4, ya 2016, giga 8, wati 75, lisansi mambo ni yaleyale. Hii nilinunua mimi. Haina ventilateri, inangojea upepo mkali wa seva, na mimi nikaichomeka mu tua, kesi ya kompyuta ya kawaida, mwezi wa kumi, na munajua joto la Lubumbashi mwezi wa kumi mbele mvua ianze. Robo saa ya kuzungusha modeli, nvidia-smi, programu ya kupima karte, inaonyesha digrii 90 na kitu, karte inajipunguza mwendo yenyewe, na mwenzangu nyumbani anaona mistari inarukaruka anatukana koneksyo. Koneksyo ya watu haikuwa na kosa! Nilikata karatoni, nikaikunja kama bomba, nikafunga kiventilateri kidogo nyuma na skoch, ndiyo ikatulia. Aibu kuonyesha mgeni, lakini inafanya kazi.

Namba 4, GeForce kama RTX 3060, giga 12 lakini wati 170. Mashine virtual moja, basi. Zamani dereva ilikuwa inakataa kufanya kazi ndani ya mashine virtual, inatoa kosa, ile kodi 43, mpaka 2021 kwenye dereva 465 wakaruhusu. Ukitumia Sunshine na Moonlight, programu za kutuma picha ya ekra mbali, chomeka na kile kidude cha HDMI cha kudanganya kwamba ekra iko.

M60 na M10 achana nazo, wati 300 na 225, siku ya delestaje zinameza batri za invata yote. Na mtu akikuuzia habari ya RemoteFX, ile ya kugawa karte kwa mashine virtual, Microsoft iliizima 2020 juu ya mashimo ya usalama.

Sasa karte ikishaingia, usishangae kuona haifanyi kitu: remote desktop ya Windows Server haiigusi mpaka uiambie. Fungua gpedit.msc (mahali pa kupanga sheria za Windows), upande wa Remote Desktop Services, washa ile ya sesheni zote kutumia karte ya kweli, na ile ya AVC 444 (ya kutuma rangi zote kamili), juu bila hiyo mistari myembamba myekundu ya plani inaonekana kama imelowa maji. Kisha zungusha modeli huku umefungua Task Manager, na uangalie kama safu ya GPU, ndiyo karte, inapanda.